Almasi Yenye Katundu Katikati, na Maswali Mengine Kuhusu Mikato ya Kizamani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vito vilivyokatwa zamani, au vilivyokatwa juzi kwa mtindo wa zamani. Kila karakana ina majina yake, kwa hiyo tukubaliane kwanza. Uso bapa wa juu tutauita meza. Mteremko unaoizunguka meza ni taji. Ukingo ule kito kinapokuwa kipana kuliko kwingine kote ni mshipi. Chini ya mshipi ni kitako, na kinapoishia ni ncha. Vile vibapa vyote vilivyosagwa na kung'arishwa ni nyuso.

Bibi yangu ameniachia pete ya dhahabu yenye almasi moja ya karati 1.08. Nikiitazama kwa juu naona katundu kadogo katikati. Sonara mmoja ameniambia ncha imevunjika, nimwachie aikate upya iwe ya kisasa. Nimpe?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Usimpe kwanza. Tafuta lensi ya mara 10, uitazame pete kupitia mezani, moja kwa moja hadi chini. Ukiona kiduara au kijiumbo cha pembe nane, kingo zake ni safi na kimekaa katikati, hapo hapajavunjika kitu. Huo ni uso uliosagwa kwa makusudi, wa mwisho katika nyuso 58 za almasi hiyo. Ncha iliyovunjika haina adabu hiyo: huwa nyeupe, yenye meno meno kama sahani iliyobanduka ukingo, na mara nyingi imekaa upande.

Katundu unakokaona hakapo. Uso ule wa chini umelala sambamba na meza, kwa hiyo mwanga unaoingia katikati unatoka moja kwa moja badala ya kurudi machoni. Unachokiona ni giza la kidole chako mwenyewe.

Mafundi waliiacha ncha bapa kwa sababu almasi ni ngumu lakini si sugu. Ncha kali ikigongwa inamegeka. Umbo lingine lote la jiwe hilo nalo lina sababu yake. Almasi nyingi hutoka ardhini zikiwa kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Kabla ya msumeno wa mota kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, kuipasua piramidi hiyo ilikuwa kazi ya muda mrefu mno, hivyo fundi alisaga kilele cha juu kidogo tu ili apate meza, akaacha kilichobaki. Ndiyo maana vito hivi vina meza ndogo, taji refu na kitako kirefu.

Sasa tazama mshipi. Kama umbo ni mraba uliolainishwa pembe, mfano wa mto wa kulalia, huo ni mkato wa mgodi wa zamani. Jina lilikuja baada ya almasi za Afrika Kusini kuingia sokoni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, zile za India na Brazili zikawa "za migodi ya zamani". Kama umbo ni duara, ni mkato wa Ulaya wa zamani, uliotamba takriban kati ya 1890 na 1930, mashine za kuviringisha almasi zilipokuwa zimeshapatikana.

Kuhusu kukata upya, sisi tungeiacha. Hesabu ambazo mkato wa kisasa ulianzia zilichapishwa na mhandisi Mbelgiji Marcel Tolkowsky mwaka 1919: taji la nyuzi 34.5, kitako cha nyuzi 40.75, meza ya asilimia 53 ya upana. Kulishusha taji la kizamani la nyuzi 40 na zaidi lifike hapo ni kusaga almasi iwe vumbi. Jiwe lako lina akiba ya pointi 8 tu, yaani karati 0.08, juu ya karati moja. Likishuka chini ya 1.00, bei ya kila karati nayo inashuka daraja. Almasi ya Koh-i-Noor ilipokatwa upya London mwaka 1852 ilitoka karati 186 za wakati ule, sawa na 191 za leo, ikabaki 105.6, na bado wapo walionung'unika.

Zaidi ya uzito, utapoteza mwonekano wenyewe. Almasi ya leo humetameta vipande vidogo vidogo vingi kwa mara moja. Ya bibi ina nyuso pana zaidi, kwa hiyo hutoa miali mikubwa inayowaka na kuzimika taratibu kadiri mkono unavyogeuka. Chini ya taa ya duka inaweza kuonekana imepooza. Itazame usiku umeme ukikatika, kwa mshumaa au kandili, ndipo utajua ilikatiwa mwanga gani.

Ikiwa lensi itaonyesha ncha imemegeka kweli, fundi wa almasi anaweza kusawazisha ncha peke yake bila kugusa nyuso nyingine. Hela utakayookoa, itumie kwenye makucha yanayoshika jiwe. Kwenye pete ya umri huo ndiyo hulika kwanza.

Kipini changu cha puani kina almasi bapa, chini imefunikwa dhahabu. Ilikuwa inang'aa, sasa imekuwa kijivu upande mmoja. Nimeisugua kwa mswaki na sabuni, hali imezidi.
*Msomaji, Lamu*

Hiyo kwa maelezo yako ni mkato wa waridi, na mswaki ndio umeongeza madhara. Acha leo.

Mkato wa waridi hauna kitako. Chini ni bapa kama sakafu, juu ni kuba la nyuso za pembetatu zinazokutana kileleni: 3, 6, 12 au 24. Unafaa sana kipini kwa sababu haunyanyuki wala hauchomi, na kwa uzito uleule huonekana mpana kuliko jiwe lenye kitako. Lakini bila kitako hakuna kinachourudisha mwanga juu. Mafundi wa zamani walilitatua hilo kwa kuweka karatasi nyembamba ya fedha chini ya jiwe, wakafunga kwa dhahabu nyuma na pembeni. Mng'ao uliokuwa ukiuona ulikuwa wa almasi na fedha kwa pamoja.

Maji yakipenya kwenye ukingo, fedha inasawijika na haisafishiki kutoka nje. Sasa fikiria kipini kinachokaa kwenye pua inayopandishiwa maji kila udhu, mara tano kwa siku. Ukingo wa dhahabu laini ukilegea kwa unene wa unywele tu, maji yana njia.

Mpelekee sonara na umwambie kwa maneno haya: afungue ukingo, atoe jiwe, aoshe, abadilishe karatasi ya fedha, akaushe kabisa, kisha aulaze ukingo tena bila kuacha mwanya. Asitumie moto jiwe likiwa ndani. Usikubali pia atoboe nyuma "ili mwanga upite". Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na matokeo yake mwanga unapita kweli: unapita na kwenda zake, halafu mafuta ya ngozi yanakaa chini ya jiwe na kulifanya kama kipande cha chupa.

Baada ya hapo, kivue ukioga na ukitawadha. Kisafishe kwa kitambaa laini kilicho na unyevu kidogo, juu tu.

Nina tanzanaiti ghafi ya gramu 3, imeshachomwa. Nataka ikatwe umbo la mto la kizamani kwa ajili ya pete. Rafiki yangu alikatiwa hivyohivyo, ikatoka na rangi pembeni lakini katikati nyeupe kama maji. Nimwambie nini fundi ili yasinikute?
*Msomaji, Arusha*

Kilichompata rafiki yako ni dirisha. Tofautisha na katundu ka yule msomaji wa Dar: kale ni kadogo na kamepangwa, hili ni kosa la pembe.

Kila jiwe lina pembe yake ya mwisho ya kuurudisha mwanga. Kitako kikilala chini ya pembe hiyo, mwanga unatokea nyuma. Kwa tanzanaiti ni karibu nyuzi 36, kwa tsavoraiti 35, kwa safaya 34.5, kwa kwatzi 40. Almasi ni 24.5 tu, ndiyo maana inasamehe makosa mengi ambayo tanzanaiti haisamehe. Fundi anayepigania uzito, au aliyepewa jiwe bapa, hulaza kitako kwenye nyuzi 35 ili apate upana. Upana anaupata, na dirisha analipata. Mwambie nyuso kuu za kitako zisishuke chini ya 41. Kati ya 41 na 43 ni pazuri. Akimaliza, weka kito juu ya gazeti, meza ikitazama juu. Ukisoma herufi katikati, mrudishie.

Kabla ya pembe kuna kazi kubwa zaidi, nayo ni kuchagua meza itazame upande upi. Tanzanaiti ina rangi tatu kwa pande tatu: bluu, zambarau na kahawia. Kuchoma kwenye joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi huondoa ile ya kahawia, lakini bluu na zambarau hubaki kila moja na upande wake. Ligeuze jiwe taratibu kwenye mwanga wa mchana, kisha chini ya balbu ya manjano, ambayo huvuta zambarau. Mara nyingi umbo la jiwe hutoa kito kizito zaidi meza ikitazama upande wa zambarau. Ukitaka bluu unalipa kwa uzito. Amueni jambo hilo jiwe likiwa bado mkononi. Likishagandishwa kwenye kijiti, fundi ndiye atakuwa ameamua.

Usitegemee miujiza ya uzito. Gramu 3 ni karati 15. Jiwe safi lenye umbo zuri hurudisha kati ya robo na theluthi, kwa hiyo karati 4 hivi ni matokeo ya heshima. Mkato wa kizamani ni mrefu, na kama jiwe lako ni bapa fundi mkweli atakwambia halifai.

Kinachokifanya kito kionekane cha zamani ni taji. Mwambie fundi meza isizidi nusu ya upana wa kito. Mikato mingi ya leo huzidi asilimia 60. Taji liwe nyuzi 38 hadi 40, nyuso kuu ziwe pana na chache. Hapo utapata ile miali mikubwa ya taratibu badala ya vumbi la vimeta. Jambo moja la zamani usiliige: ncha bapa. Kwenye jiwe la rangi, ncha bapa ni dirisha dogo ulilolilipia. Nyuso za kitako zikutane kwenye nukta au mstari mwembamba.

Angalia pia kina cha rangi. Jiwe lenye bluu hafifu hunufaika na kitako kirefu, kwa kuwa mwanga husafiri zaidi ndani yake na rangi huongezeka. Jiwe la bluu nzito sana likikatwa hivyo hugeuka jeusi chini ya taa ya ndani. Kwa jiwe la namna hiyo, msilazimishe mtindo.

Kuhusu kazi yenyewe: tanzanaiti ina upande mmoja inakopasuka kama ukuni, na haipendi kubadilishiwa joto ghafla. Gundi ya baridi ni salama kuliko lakiri ya moto. Diski ya namba 600 inatosha kusagia umbo la jiwe dogo kama hili, kisha 1200, kisha 3000, halafu kung'arisha kwa unga wa almasi wa namba 50,000, maji yakitiririka na mkono ukiwa mwepesi. Uso wowote ukikataa kung'aa na kuchomoka nyuzi nyuzi, huenda umeangukia sambamba na upande wa kupasuka. Ugeuzwe nyuzi chache, usishindiliwe.

Na ukiamua kununua kilichokatwa tayari, pima. Kwa umbo la yai, zidisha urefu kwa upana kwa kina kwa milimita, kisha kwa 3.35 ambao ndio uzito asilia wa tanzanaiti (uzito wake ukilinganishwa na maji), kisha kwa 0.0020. Jiwe la 9 kwa 7 lenye kina cha 5 litakuwa karati 2.1. La 9 kwa 7 lenye kina cha 6.5 litakuwa 2.7. Kidoleni yote mawili ni sawa kwa ukubwa. Zile karati 0.6 ziko tumboni, na utazilipia bei ileile. Kwa umbo la mto hesabu hii ni kadirio tu, lakini inatosha kukuamsha.

Kwenye pete, jiwe refu linahitaji kikombe kirefu: ncha isiguse kidole, iachiwe milimita moja. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi yenye ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, hivyo meza na kingo za taji zitakwaruzika ukiivaa kila siku. Ukingo mzima wa dhahabu unaozunguka mshipi unalinda vizuri zaidi ya makucha. Ukipenda makucha, yawe manne, yashike pembe zilizoviringwa, na fundi aling'oe jiwe kila mara pete inapoingia kwenye moto, hata kama ni kuongeza saizi tu.

Nina turmalini ya kijani, ndefu kama penseli. Nimeona pete za miaka ya 1920 zenye mkato wa mraba wa ngazi, naipenda sana. Inawezekana?
*Msomaji, Voi*

Unaosema ni mkato wa Asscher, uliobuniwa na Joseph Asscher wa Amsterdam mwaka 1902, miaka michache kabla kampuni ya familia yake haijapasua almasi kubwa ya Cullinan. Ni mraba uliokatwa pembe, nyuso zake zimepangwa kama ngazi, ukitazama ndani ni kama kuchungulia kisima.

Kwenye penseli ya turmalini inawezekana, ila utatupa jiwe kubwa. Kata mkato wa zumaridi badala yake: ni ngazi zilezile, pembe zilezile zilizokatwa, lakini mstatili. Meza ilale kando ya urefu wa penseli, kamwe isitazame kichwani. Turmalini nyingi za kijani ukizitazama kwa kichwani ni nyeusi tii, na weusi huo huvuja ndani ya kito kupitia miisho yake miwili. Dawa yake ni kusimamisha nyuso za kitako zilizo kwenye miisho hiyo, nyuzi 70 au zaidi, huku zile za pande ndefu zikibaki kwenye pembe za kawaida. Fundi akizisahau, utaona mabaka mawili meusi kushoto na kulia, na katikati kijani kizuri.

Mkato wa ngazi hauna mahali pa kuficha uchafu. Ufa ambao kwenye mkato wa mto ungepotea kati ya miali, hapa utajirudia kwenye kila ngazi.

Nimeuziwa mtandaoni almasi ya "mkato wa Ulaya wa zamani". Mkato peke yake unathibitisha ni ya zamani?
*Msomaji, Leicester, Uingereza*

Hauthibitishi. Siku hizi mikato hiyo inakatwa upya, na almasi zilizotengenezwa maabara pia zinakatwa hivyo.

Maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, huita almasi ya duara kwa jina hilo ikitimiza angalau mambo matatu kati ya manne: meza isiyozidi asilimia 53, taji la nyuzi 40 au zaidi, nyuso za kitako zilizo chini tu ya mshipi, urefu wake usizidi asilimia 60 ya umbali wa mshipi hadi ncha, na ncha yenye uso unaoonekana wazi. Hayo ni maumbo, hayasemi umri. Kwa umri, tazama mshipi kwa lensi: wa zamani kwa kawaida haukung'arishwa, una ukungu kama kioo kilichopigwa msasa, na mara nyingi ni mwembamba kama kisu. Wenye nyuso ndogo zilizong'aa huelekea kuwa wa juzi, au jiwe limeshakarabatiwa. Kingo za taji zilizochakaa kidogo na nyuso zisizolingana pacha kwa pacha ni dalili nzuri. Muuzaji wa jiwe jipya huziona kuwa aibu.

Kile kifaa cha mkononi kinachopima almasi kwa joto hakitakusaidia: almasi iliyotengenezwa maabara hupita kwa sababu ni almasi kweli, na moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, nayo hupita. Omba cheti cha maabara inayojulikana, na namba ya cheti uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao.

Dhahabu ya njano au nyeupe kwa almasi ya kizamani?
*Msomaji, Nairobi*

Almasi nyingi za zamani zina umanjano kidogo. Kwenye dhahabu ya njano umanjano huo humezwa na jiwe likaonekana jeupe. Kwenye dhahabu nyeupe hujitokeza. Kwa tanzanaiti ni kinyume, nyeupe ndiyo huiacha bluu itulie.

Sonara wa mtaani kwetu ana mashine ya kuoshea kwa mtetemo. Naweza kumpa vyote: pete ya tanzanaiti, hereni za mkato wa waridi na kidani cha safaya?
*Msomaji, Kigoma*

Kidani cha safaya mpe, ila muulize kwanza kama mawe yamejazwa nyufa kwa kioo au mafuta. Yakiwa yamejazwa, asiweke. Tanzanaiti isiingie kwenye mashine hiyo wala kwenye mvuke, inaweza kupasuka. Hereni, kama nyuma zimefungwa, zisiguse maji kabisa. Tanzanaiti ioshe nyumbani: bakuli la maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, na usugue zaidi chini ya jiwe kuliko juu, kwa sababu mafuta ya losheni hukusanyika kwenye kitako. Tandika taulo chini ya bakuli, na usifanyie kazi hiyo kwenye sinki lililo wazi.